Arthur Shrewsbury, Bingwa wa Kriketi Aliyejikatia Tamaa

Wengi wetu hapa Mombasa tumeuona mchezo wa kriketi kwa kupita tu ukingoni mwa uwanja wa Sports Club, tukashangaa watu wazima waliovaa nguo nyeupe wakishinda juani kutwa. Mimi ni katika wachache waliokaa wakautazama mpaka mwisho. Na katika wachezaji wa zamani niliosoma habari zao, hakuna aliyenishughulisha moyo kama Mwingereza Arthur Shrewsbury.

Alizaliwa 1856 mjini Nottingham, akaanza kuichezea timu ya jimbo lake 1875. Zama hizo wachezaji walikuwa matabaka mawili: mabwana waliocheza kwa kujifurahisha, na wale waliocheza kwa ujira. Hata mlango wa kuingilia uwanjani haukuwa mmoja. Shrewsbury alikuwa wa ujira, lakini si mtu wa kuinamisha kichwa; 1881 yeye na Alfred Shaw waliwaongoza wenzao katika mgomo.

Katika kupiga hakuwa na pupa. Mwaka 1886, uwanja wa Lord's mjini London ukiwa umelowa mvua na mpira ukiruka usivyotarajiwa, aliwakabili Waaustralia karibu saa saba akapata mikimbio 164. Ndiye wa kwanza duniani kutimiza mikimbio 1,000 katika mechi za mataifa ziitwazo Testi. Aliiongoza Uingereza katika mechi 7, na baada yake hakuna mchezaji wa ujira aliyepewa unahodha huo mpaka Len Hutton, 1952.

Yeye, Shaw na James Lillywhite walikuwa wakipeleka timu Australia kibiashara. Safari ya 1887 iliwatia hasara kubwa, maana timu nyingine ya Kiingereza ilikuwa huko huko msimu ule ule. Wakajaribu tena 1888 kwa timu ya raga. Nahodha wake, Robert Seddon, akazama mtoni akafa. Aliyeshika nafasi yake ni Andrew Stoddart, naye mcheza kriketi hodari. Jina hilo litarudi.

Shrewsbury hakuoa. Alikuwa mtu wa haya, na upara ulimkera hata ni wachache waliomwona bila kofia. Mwaka 1902, akiwa na miaka 46, aliwapita vijana: kwa mara ya kwanza maishani mwake alipata mia mbili mbalimbali katika mechi moja, dhidi ya Gloucestershire. Baridi ilipoingia akaanza kulalamika maumivu ya figo. Madaktari walimpima wasione jambo kubwa. Hakuwasadiki, alikwisha kujihukumu kuwa ana maradhi yasiyo dawa. Msimu wa 1903 ukaanza bila yeye. Tarehe 19 Mei, nyumbani kwa dada yake huko Gedling, alijiua. Alikuwa na miaka 47.

Uchunguzi wa kifo ulisema akili yake ilikuwa imevurugika. Wakati ule kujiua kulikuwa jinai Uingereza, na kukaendelea kuwa hivyo mpaka 1961. Hapa Kenya, ni Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu iliposema kuwa kumshitaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Dini yetu imeliharamisha jambo hili, wala sina la kuongeza hapo. Mimi nauliza ya kabla ya siku ile. Miezi yote ya baridi watu walizitazama figo zake. Ni nani aliyemwuliza habari ya moyo wake? Tangu ujana, masika mengi yalimkuta uwanjani. Safari hii hayakumkuta huko. Nasadiki maumivu yale aliyasikia kweli, hata kama hayakuwa figoni. Sisi nasi tuna manahodha waliotolewa majini na uzee. Mzee akilalamika mgongo leo, kifua kesho, twasema anadeka.

Albert Trott, ambaye 1899 aliupiga mpira ukavuka paa la jengo kuu la Lord's, alijiua 1914, mgonjwa na fukara. Stoddart akamfuata 1915. David Frith alizikusanya habari za wachezaji kama hawa katika kitabu kilichotoka 2001, nacho si chembamba.

Alfred Shaw alifariki 1907. Alizikwa Gedling, karibu na kaburi la mwenzake.