Bryceson, Mbunge wa Kinondoni

Wilaya ya Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni. Je, unajua kwamba zamani Mbunge wa Kinondoni alikuwa Mzungu? Jina lake Derek Bryceson.

Bryceson alikuwa Mwingereza, lakini alizaliwa China mwaka 1922. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa rubani wa ndege za vita. Ndege yake ilianguka, akaumia vibaya. Madaktari walimwambia hatatembea tena. Hakukubali. Alijifunza kutembea kwa fimbo, akiurusha mguu mmoja kutoka kiunoni. Alitembea hivyo mpaka kufa kwake.

Mwaka 1947 alihamia Kenya. Baadaye akaja Tanganyika, akalima ngano magharibi ya mlima Kilimanjaro. Walowezi wengi walikuja kulima na kutajirika tu. Yeye aliingia katika siasa.

Mwaka 1958 ulifanyika uchaguzi wa kura tatu. Sheria ya mkoloni ilimtaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukiacha mmoja, kura yako imeharibika. Sheria hiyo ilikuwa ya dharau, maana Wazungu walikuwa wachache sana nchini. Wanachama wa TANU walibishana sana juu yake katika mkutano wa Tabora. Mwishowe walikubali kushiriki, na kuwaunga mkono Wazungu na Waasia waliotaka uhuru. Bryceson alikuwa mmoja wao. Alishinda katika Jimbo la Kaskazini.

Hata hivyo, hakuweza kuwa mwanachama wa TANU. Wakati ule chama kilikuwa cha Waafrika tu. Kilianza kupokea watu wa rangi zote mwaka 1963.

Baada ya uhuru Bryceson alikuwa Waziri wa Afya, tena Waziri wa Kilimo. Lakini mtihani wake mkubwa ulikuwa uchaguzi wa mwaka 1965. Safari hii hapakuwa na kiti cha Mzungu. Wagombea walikuwa wawili, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Kutafuta kura kwa rangi, kabila au dini kulikatazwa.

Bryceson alisimama Dar es Salaam. Mpinzani wake alikuwa Mwafrika, na wapiga kura wengi walikuwa Waafrika. Mwaka huo hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa. Bryceson alishinda kwa kura nyingi.

Mwaka 1972 aliacha uwaziri, akawa Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa. Mwaka 1975 alimwoa Jane Goodall, yule mama aliyechunguza maisha ya sokwe kule Gombe, Kigoma.

Alifariki kwa saratani mwezi Oktoba 1980, akiwa Ujerumani kwa matibabu. Ukitafuta kaburi lake hutalipata. Majivu ya mwili wake yalimwagwa katika Bahari ya Hindi, bahari aliyoipenda.