Daktari Livingstone na Ugonjwa wa Moyo Uliovunjika

Machi 1866 Dk. David Livingstone alirudi pwani yetu. Mlango wa Ruvuma aliujua tangu 1861 na 1862, alipojaribu kuupanda mto akazuiwa na uhaba wa maji. Safari hii alianza kutembea kutoka Mikindani, akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa na punda, ambao wengi hawakufika mbali.

Tumezoea kumtaja kama mpelelezi na mmisionari (Mprotestanti, naam), tukasahau kwamba alikuwa tabibu. Alizaliwa Blantyre, Uskoti, 1813. Akiwa na miaka 10 alikuwa kibarua kiwandani, akifuma elimu usiku, na 1840 alifuzu udaktari Glasgow.

Juni 1866, katika nchi ya Ruvuma, alimkuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa: mtumwa aliyeshindwa kuendana na msafara. Miaka michache baadaye, huko Manyema, aliandika juu ya ugonjwa uliomshangaza kuliko yote. Watu huru waliotekwa walivushwa mto Lualaba. Walipouona mto umewatenga na kwao, wanane walikufa ndani ya siku tatu. Maumivu yao yalikuwa moyoni tu. Wenyewe waliweka mkono pale pale. Livingstone hakuwaita wavivu wala waliorogwa. Aliandika kwamba ni ugonjwa. Sisi tunaona hapo ndipo udaktari wake ulipong'aa, ingawa dawa hakuwa nayo.

Bangi aliiona kwa Wamakololo, kwenye Zambezi. Aliandika jinsi mvutaji anavyokohoa, na jinsi mwingine akipita juu ya ubua anainua mguu kama anayevuka gogo. Hakuipenda. Lakini mwenzake safarini, Dk. John Kirk, alipata sumu ya mishale, kombe, ikagusa mswaki wake, na mapigo ya moyo yakapungua. Baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza kwa subira hata ikawa dawa ya moyo.

Leo wanasayansi wanafanya hivyo kwa bangi, kwa uyoga unaolevya na kwa MDMA, wakitafuta tiba ya kiwewe. Tangu Julai 2023 Australia inawaruhusu madaktari maalumu wa akili kutumia MDMA kwa waliojeruhiwa na kiwewe, pamoja na mazungumzo marefu. Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa, ikitaka utafiti zaidi. Kwa bangi ushahidi bado ni haba, na kwetu sheria inaikataza. Kijana anayeivuta ili asahau aliyoyaona Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, ambako vita vilianza 2017, hajitibu. Lakini anaumwa kweli, na tukimpa karipio tu tumemrudisha alikotoka. Tumsikilize, kisha tumsindikize hospitali.

Livingstone alifariki Chitambo 1873. Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili hadi Bagamoyo, ukapokelewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu Februari 1874. Moyo wake walikuwa wameuzika kule kule, chini ya mti.