Mutesa: Katiba ilimpa urais, katiba ikamnyang'anya

Wengi wetu tunaokwenda Kampala kuchukua mali Kikuubo hupita karibu na kilima cha Mengo bila hata kuinua macho. Ukuta unaozunguka Lubiri, kasri la Kabaka, ndio alioruka Rais wa kwanza wa Uganda tarehe 24 Mei 1966. Alikuwa akilikimbia jeshi la nchi ambayo miezi mitatu tu kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake. Wale mliokulia Uganda mkarejea baada ya 1994 mmeisikia habari hii kwa wazee wa Buganda, mara nyingi kwa machozi. Mimi nataka kuieleza kwa upande wa katiba, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Edward Mutesa alizaliwa tarehe 19 Novemba 1924, akarithi kiti cha baba yake Daudi Chwa mwaka 1939 akiwa na miaka 15. Alisoma Budo, Makerere na Cambridge. Mwaka 1953 Gavana Andrew Cohen alimfukuza nchini na kumpeleka Uingereza, kwa sababu alikataa mpango wowote wa kuiyeyusha Buganda ndani ya Uganda moja au shirikisho la Afrika Mashariki. Alirudi mwaka 1955 akiwa shujaa. Nadhani safari hiyo ilimfundisha somo lisilo sahihi: kwamba akishikilia msimamo, mwishowe mwenye nguvu hulegea.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Katiba yake ilikuwa ya mapatano: Buganda ilipewa mamlaka makubwa ya ndani, falme nyingine zikapewa kidogo, na Malkia wa Uingereza akawakilishwa na Gavana Mkuu. Mwaka mmoja baadaye katiba ilifanyiwa marekebisho ya kwanza. Cheo cha Gavana Mkuu kilifutwa, akawekwa Rais atakayechaguliwa na Bunge kutoka miongoni mwa wafalme na wakuu wa wilaya. Mutesa akachaguliwa. Waziri Mkuu Milton Obote, ambaye chama chake kilikuwa kimeungana na chama cha Kabaka Yekka, ndiye aliyebaki na madaraka ya kweli.

Hapo ndipo penye kosa, kwa maoni yangu. Mtu mmoja alivalishwa kofia mbili. Kama Rais alitakiwa kuwa wa Waganda na wasio Waganda. Kama Kabaka alikuwa ameapa kuilinda ardhi ya Buganda. Na katiba hiyo hiyo iliagiza kura ya maoni katika kaunti za Buyaga na Bugangaizi, ambazo Waingereza walizichukua kutoka Bunyoro na kuzipa Buganda. Kura ilipigwa Novemba 1964, wananchi wakachagua kurudi Bunyoro. Rais alitakiwa kutia saini hati za kukabidhi ardhi ya ufalme wake mwenyewe. Alikataa. Serikali ikaendelea bila yeye, na ule muungano wa vyama, uliokuwa umekwisha kuvunjika, haukufufuka tena.

Februari 1966 Bunge lilijadili tuhuma za dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo, zikimgusa Kanali Idi Amin na Obote mwenyewe. (Biashara ya mpakani ina historia ndefu kuliko sisi.) Obote hakungoja uchunguzi. Tarehe 22 aliwakamata mawaziri wake watano, siku mbili baadaye akaisimamisha katiba, kisha akachukua madaraka ya Rais. Tarehe 15 Aprili wabunge waliletewa katiba mpya ya muda wakati askari wakiwa nje. Waliipitisha kabla ya kuisoma. Waliambiwa nakala watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Mahakama Kuu, chini ya Jaji Mkuu Udo Udoma, iliikubali kwa hoja kwamba mapinduzi yaliyofanikiwa huzaa sheria yake. Hoja hiyo iliwafaa wengine baadaye, akiwamo Amin.

Lukiiko ya Buganda ilijibu tarehe 20 Mei kwa kuitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Siku nne baadaye Amin aliongoza mashambulizi. Mutesa aliponyoka wakati mvua kubwa ikinyesha, akapita vichakani kwa majuma kadhaa mpaka akafika Burundi, na kutoka huko akasafiri kwa ndege kwenda Ulaya. Aliyewahi kuvuka mpaka usiku bila mzigo anajua safari ya namna hiyo.

Katiba ya Septemba 1967 ilifuta falme zote. Mutesa alifariki London tarehe 21 Novemba 1969, akiwa na miaka 45, katika nyumba ndogo na kwa misaada ya marafiki. Polisi wa Uingereza walisema ni ulevi. Wafuasi wake wanaamini alitiliwa sumu. Amin, yule yule aliyeibomoa Lubiri, ndiye aliyerudisha mwili wake mwaka 1971 ukazikwa Kasubi.

Mwaka 1993 katiba ilirekebishwa tena kuruhusu wafalme, na mwanawe Ronald Mutebi akatawazwa Julai 31. Safari hii hakuna kofia mbili: katiba ya 1995 inamkataza mfalme kushiriki siasa za vyama. Buyaga na Bugangaizi ziko Bunyoro mpaka leo.