Ibn Sina na Maradhi ya Tumbo



Kwetu Rubongi, wilaya ya Tororo, mtu akilalamika kwamba tumbo linamwaka, huelekezwa kwa muuza mizizi na magome kabla hajafika zahanati. Sibezi dawa hizo. Nami nilinyweshwa shubiri utotoni. Lakini kila nikimwona shangazi yangu akikoroga unga wa mizizi kwa kukadiria kwa macho, namkumbuka Abu Ali ibn Sina.

Alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, Uzbekistan ya leo. Alihifadhi Qur'ani akiwa na miaka 10. Akiwa bado kijana aliitwa kusaidia kumtibu Amiri Nuh ibn Mansur, na alichoomba ni ruhusa ya kusoma katika maktaba yake.

Maradhi ya tumbo ndiyo yaliyompandisha cheo. Mjini Hamadan alimtibu Amiri Shams al-Dawla msokoto wa tumbo kwa siku 40. Amiri akapona, akamfanya waziri. Baadaye askari waliasi na kutaka auawe, akajificha. Msokoto ulipomrudia amiri, alimtafuta, akamwomba radhi na kumrudishia uwaziri.

Kitabu chake cha tiba, al-Qanun, kina sehemu 5. Ya pili inaeleza dawa moja moja, nyingi zikiwa za mimea, na humo aliweka kanuni 7 za kuijaribu dawa. Dawa iwe safi, isiyochanganyika na kitu kingine. Ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja, si magonjwa mawili kwa pamoja. Nguvu yake ilingane na nguvu ya ugonjwa. Itazamwe inachukua muda gani kufanya kazi, na kama inafanya kazi hiyo kila mara au imebahatisha. Na ijaribiwe kwa mwanadamu, kwani ya mnyama hayatoshi.

Chukueni mfano wa urukususu, mzizi mtamu uliotumiwa na matabibu tangu kale. Mwaka 1946 daktari Revers wa Uholanzi alieleza kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo walipata nafuu kwa dondoo lake. Kutokana na mzizi huo ikatengenezwa dawa iliyoimarisha ute unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Lakini baadhi ya wagonjwa walivimba mwili, na ukizidishwa hupandisha shinikizo la damu. Mzizi ni uleule. Kipimo ndicho kinachoutenga na sumu.

Ibn Sina mwenyewe aliyaonja haya. Akiwa safarini na jeshi la amiri wa Isfahan, alishikwa na msokoto. Kwa kuhofia kuachwa nyuma, alijitia enema mara 8 kwa siku moja, matumbo yakapata vidonda. Akaagiza daniki 2 za mbegu za selari, yaani theluthi ya dirhamu. Tabibu aliyemhudumia akatia dirhamu 5, mara 15 ya kipimo. Baadaye mtumishi akamzidishia afyuni katika dawa nyingine. Alipoona nguvu zimekwisha, aliacha kujitibu, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akashughulika na Qur'ani. Alifariki Hamadan katika Ramadhani ya mwaka 428 Hijria, yaani 1037.

Leo tunajua jambo ambalo yeye hakulijua: vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria, ugunduzi uliowapatia Warren na Marshall wa Australia tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine huletwa na dawa za maumivu kama aspirini. Mzizi unaotuliza moto unaweza kumwacha bakteria palepale. Basi ndugu, wazee wetu tusiwanyang'anye mizizi yao. Tuwaulize wanatumia nini, kiasi gani, pamoja na vidonge gani, kisha tuwapeleke wapimwe. Na anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asingoje dawa ya mizizi. Afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Allah amrehemu Ibn Sina, na atunufaishe kwa elimu yake. Amin.