China: Malkia Nara, mwanamke aliyekata nywele na kufutwa katika historia

Mwaka 2018, tamthilia mbili kubwa za China zilitoka kwenye intaneti karibu wakati mmoja: ile ya jumba la Yanxi mwezi wa saba, na ile ya malkia Ruyi mwezi wa nane. Zote mbili zinasimulia nyumba ya Mfalme Qianlong wa ukoo wa Qing, aliyetawala China tangu 1735 hadi 1796. Katika ile ya kwanza, malkia wa pili wa mfalme huyo ni mwanamke mwenye hila na kijicho. Katika ile ya pili, yeye ndiye mwema anayeonewa. Mtu ni yule yule mmoja. Je, alikuwa nani hasa?

Alizaliwa mwaka 1718 katika jamaa ya Nara, ya kabila la Wamanchu waliokuwa wakitawala China. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa popote. Ruyi ni jina la watunzi wa tamthilia. Aliolewa na Qianlong alipokuwa bado mwana wa mfalme. Mumewe akiwa tayari kwenye kiti cha ufalme, alipewa cheo kati ya wake wadogo, na mwaka 1745 akapandishwa tena.

Mwaka 1748 malkia wa kwanza, ambaye Qianlong alimpenda sana, alifariki njiani wakati wa safari ya mfalme. Miaka miwili baadaye, Nara akawekwa kuwa malkia akiwa na umri wa miaka 32. Alizaa watoto watatu: wavulana wawili na msichana mmoja. Msichana alikufa mwaka 1755, na kijana mdogo mwaka 1757. Alibaki na mwana mmoja tu, Yongji.

Mwanzoni mwa mwaka 1765, mfalme alikwenda kutembelea majimbo ya kusini, na malkia alikuwa naye. Walipofika mji wa Hangzhou, siku moja asubuhi mfalme alimpelekea chakula kutoka meza yake, kama ilivyokuwa desturi. Jioni ya siku hiyo hiyo, malkia hakuwa tena kati ya waliopelekewa chakula. Alirudishwa Beijing kwa njia ya maji, chini ya ulinzi.

Alikuwa amekata nywele zake. Kwa Wamanchu wa wakati huo, mwanamke alikata nywele katika maombolezo makubwa, kama vile alipofiwa na mumewe. Kuzikata mume na mama mkwe wakiwa hai kulionekana kama kuwatakia kifo. Kilichomfanya afikie hapo hakikuandikwa. Watunzi wa tamthilia wamejaza nafasi hiyo kila mmoja kwa namna yake.

Mfalme hakutangaza rasmi kumvua umalkia, lakini alimnyang'anya kila kitu. Hati zake za vyeo zilichukuliwa, na watumishi wake wakapunguzwa hadi wawili. Mwaka huo huo, mke mdogo aitwaye Ling, ambaye ndiye shujaa wa tamthilia ya Yanxi, alipandishwa hadi cheo kinachofuata cha malkia. Mwana wa Ling ndiye alirithi ufalme baadaye.

Nara alifariki mwezi wa nane 1766, akiwa na miaka 48. Mfalme alikuwa kwenye mawindo kaskazini na hakurudi. Alimtuma Yongji, kijana wa miaka 14, akamzike mama yake. Mazishi hayakuwa ya malkia. Aliwekwa ndani ya kaburi la mke mwingine mdogo wa mfalme, bila jina la heshima ambalo malkia walipewa walipokufa.

Waliojaribu kumtetea walilipa. Ofisa mmoja aliyeomba malkia aombolezwe ipasavyo alipelekwa uhamishoni Ili, mbali sana magharibi. Mwaka 1778, msomi Jin Congshan alimwandikia mfalme akimwomba, pamoja na mambo mengine, arudishe heshima ya malkia. Alihukumiwa kifo. Ni katika kujibu barua hiyo ndipo Qianlong mwenyewe alieleza wazi kosa la nywele, miaka 12 baada ya mkewe kuzikwa.

Yongji alikuwa ameshafariki mwaka 1776, bila baba yake kumpa cheo chochote. Qianlong aliishi hadi mwaka 1799, na hakumweka malkia mwingine tena.

Mfalme alitaka mwanamke huyo asikumbukwe. Leo mamilioni ya watazamaji, ndani na nje ya China, wanabishana kama alikuwa mwema au mwovu. Yeye mwenyewe hakuachiwa nafasi ya kueleza sababu zake.