SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: QUR'ANI, ARDHI NA USTAARABU WETU



 Katika mwezi huu mtukufu wengi wetu twakhitimu Qur'ani, na kila mwaka twapita kwenye visa vile vile: watu wa Saba', kina 'Ad na Thamud, Qarun na hazina zake, wenye shamba walioapa kuvuna alfajiri. Twasoma, inshallah twapata thawabu, kisha twafunga msahafu twangojea adhana. Mji wetu huu uliwahi kuwa na mtu ambaye visa hivi kwake havikuwa habari za watu wa mbali. Naye ni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1891. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki 1894 na kumwacha mtoto mdogo sana. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akavuka bahari kwenda Unguja kuchota elimu kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Waliowajua mashekhe hao wawili hawahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini hebu tutazame ile miaka aliyokulia. Mwaka 1895 Mngereza alifanya mapatano na Sultani wa Unguja kuhusu ukanda wa maili kumi wa pwani. Bendera nyekundu ilibaki ikipepea Fort Jesus, amri ikawa ya mwengine. Mbaruk bin Rashid, wa ukoo huo huo wa Mazrui, alipigana nao na mwaka 1896 akakimbilia upande wa Mjerumani. Mwaka huo huo reli ikaanza kujengwa. Halafu mwaka 1908, Sheikh akiwa kijana wa miaka 17, ikaja sheria ya hati za ardhi: kila mwenye kudai ardhi ya pwani apeleke madai yake na ushahidi, na ile isiyodaiwa iwe ya serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Fikiria mzee wa wakati ule. Shamba karithi kwa babu, mpaka wake ni mbuyu huku na njia ya kisimani kule, na kila jirani ajua. Atapeleka karatasi gani? Wako ambao hawakwenda kabisa. Wako waliokwenda wakapewa hati, kisha hati ile ile ikawa rahisi kuiuza au kuiweka rehani. Shamba ambalo zamani lilikuwa gumu kutoka mkononi, sasa latoka kwa saini moja.

Hayo ndiyo Sheikh aliyoyaona kwa macho yake. Mwaka 1930 akaanza kutoa gazeti dogo, as-Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, manake wasomaji wake walikuwa ni watu wa chuoni, wazijuao alifu na bee. Mwaka 1932 akatoa al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliandika mambo ambayo watu wa baraza hawakupenda kuyasikia: ujinga, uvivu, mali kuteketea katika harusi na matanga, bid'a, wasichana kunyimwa elimu, na ardhi za Waislamu kupita mikononi mwa wengine. Aliwakemea pia vijana walioona ustaarabu wa Mzungu uko kwenye mavazi yake. Kuiga nguo ni kazi ya siku moja. Elimu, kazi na kuweka akiba, ambavyo ndivyo vilivyompa Mzungu nguvu, hivyo hawakuviiga.

Sheikh alikuwa msomaji wa al-Manar, jarida lililotoka Misri la Sheikh Rashid Ridha, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Katika mkondo ule wa tafsiri, visa vya mataifa ya kale havisomwi kama ngano. Vyasomwa kama kanuni za Mwenyezi Mungu za jinsi watu wanavyopanda na wanavyoanguka, na kanuni hizo hazikuishia kwa 'Ad na Thamud.

Sasa chukua Surat Saba' uisome kwa jicho hilo. Watu wana mabustani kulia na kushoto, nchi yao ni njema. Wakapuuza, bwawa likavunjika, na pahala pa mabustani pakaota miti ya matunda machungu na mikunazi michache. Ma'rib yenyewe iko Yemen, nchi walikotoka mababu wa wengi katika sisi. Na mwisho wao ni nini? Walitawanywa, wakabaki kuwa visa vya kusimuliwa. Mwenye kukaa baraza za Mombasa akasikia wazee wakihesabu mashamba yaliyokuwa yetu, atafahamu.

Au soma Surat al-Qalam. Wale ndugu walipofika shambani asubuhi hawakulitambua, wakadhani wamepotea njia. Wangapi leo wamekwenda kutafuta shamba la babu wakakuta ukuta na geti? Na jambo la kuandikiana deni mbele ya mashahidi limetengewa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqara. Aya hiyo iko katika misahafu ya nyumba zetu zote, na kiwanja bado twauziana kwa mdomo.

Hapa kijana mmoja ataniambia: ala, sheria ilikuwa ya Mngereza, mbona Sheikh awalaumu wenyewe? Swali ni la haki. Mimi naona sheria ya 1908 ilikuwa dhulma kwa watu ambao ardhi yao ilijulikana kwa midomo ya majirani, na pia kwa makabila jirani ambao hata kudai hawakupewa nafasi ya maana. Lakini Sheikh alimsemesha yule aliyeweza kumrekebisha. Mngereza hakuwa akisoma Sahifa msikitini.

Sisi wa Makupa jambo hili twalijua mpaka mifupani. Majengo hapo, na mitaa inayoizunguka, miaka na miaka mtu amejenga nyumba yake kwa jasho lake juu ya kiwanja cha mtu mwengine, akilipa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba ni yako, chini si kwako.

Sheikh akawa Kadhi wa Mombasa mwaka 1932, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi ya kadhi ni ndoa, talaka na mirathi, na ndani ya mirathi ndimo mashamba yanamokatwa vipande. Mwaka 1944 baadhi ya makala zake zilitoka katika kitabu, Uwongozi. Aliandika pia kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, Mazrui waliotawala Mombasa hadi 1837, utawala ukawatoka. Hakuhitaji kwenda Ma'rib kutafuta mfano.

Alifariki mwaka 1947, na tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili hakuikamilisha. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu, aliishughulikia baada yake. Mwanawe Ali, aliyekuwa na umri wa miaka 14 babake alipofariki, ndiye Profesa Ali Mazrui aliyejulikana ulimwenguni, akafariki Marekani 2014 na kurudishwa kuzikwa Mombasa. Kile kitabu cha historia ya ukoo kilichapishwa 1995, miaka 48 baada ya mwenyewe kuondoka.