Andrew Foster: Kiziwi aliyekataliwa chuoni, akaja kufundisha walimu Afrika

Desemba 3, 1987 ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Kenya ilianguka nchini Rwanda. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo Mmarekani mweusi wa miaka 62, kiziwi tangu utotoni. Leo viziwi wengi Afrika wanamtaja kama baba wa elimu yao.

Andrew Foster alizaliwa 1925 Ensley, Alabama, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Akiwa na miaka 11, homa ya uti wa mgongo ilimfanya kiziwi, yeye na kaka yake. Alipelekwa shule ya viziwi weusi, lakini masomo pale yaliishia ngazi ya msingi tu. Ukitaka zaidi, shauri yako.

Foster akahamia Detroit, akawa anafanya kazi kiwandani huku anasoma kwa njia ya posta hadi akapata cheti cha sekondari. Shida ikabaki chuo. Gallaudet ya Washington, chuo cha viziwi, ilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Akaomba tena na tena. Mwaka 1951 wakamkubali, na 1954 akawa mweusi wa kwanza kuhitimu pale, akiwa na shahada ya elimu.

Hakuishia hapo. Akaenda Michigan kuchukua shahada ya pili, kisha Seattle kusomea umisionari.

Mwaka 1957, mwaka ule ule Ghana ilipopata uhuru, akatua Accra. Alikuta watoto viziwi wengi wamefichwa nyumbani, na watu wakimwambia hawafundishiki. Yeye mwenyewe, kiziwi mwenye shahada tatu, alikuwa amesimama mbele yao! Akaazima darasa la shule ya kawaida, wanafunzi wake wakawa wanaingia wenzao wakishatoka.

Cha kufahamu ni kwamba wakati huo shule nyingi za viziwi duniani zilikuwa zinalazimisha watoto kusoma midomo na kutamka maneno, lugha ya alama ikipigwa marufuku darasani. Foster alifundisha kwa alama.

Kutoka Ghana akaenda Nigeria, halafu nchi nyingine, zikiwemo Kongo na Burundi. Jumla alianzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13. Mtu mmoja asingeziweza zote, kwa hiyo mjini Ibadan aliendesha mafunzo ya ualimu wakati wa likizo. Wengi wa aliowafundisha walikuwa viziwi wenyewe, wakarudi kwao kufungua madarasa.

Wapo wanaomlaumu kwamba alama za Kimarekani alizokuja nazo zilizifunika alama za wenyeji, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kabla yake, nchi nyingi kati ya hizo hazikuwa na shule hata moja ya viziwi.

Mwaka 2004, Gallaudet, chuo kile kile kilichomkataa, kiliupa ukumbi wake mmoja jina la Foster.